Chumvi ya Nunge ni Darasa la Sayansi



Mwanafunzi wa Bagamoyo hana sababu ya kudhani kwamba sayansi hukaa katika chupa za maabara tu. Huko Nunge, kando ya mji, yako mashamba ya chumvi. Maji ya bahari, ambayo kila lita hubeba takriban gramu 35 za chumvi, huingizwa humo na kuachiwa jua na upepo. Maji hugeuka mvuke: hiyo ni fizikia. Chokaa na jasi hutangulia kutua chini, kisha hufuata chumvi ya kula, muungano wa sodiamu na klorini: hiyo ni kemia. Mikoko ya pwani hiyo huwahifadhi kamba na samaki wachanga kwa mizizi yake: hiyo ni biolojia.

Anayekata mikoko apate kuni za kuchemshia chumvi hufanya kwa moto kazi ambayo jua huifanya bure, tena huharibu mazalio ya samaki. Mtoto aliyelifahamu hilo ataweza kumshauri mzazi wake. Hiyo ndiyo shabaha ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967. Basi, walimu na wawapeleke watoto mashambani, daftari mkononi.