Nyimbo za Nyumbani Katika Nchi za Mbali

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kikopey)



Nimepewa heshima ya kunena machache juu ya nyimbo ambazo mtu huzikumbuka awapo ugenini. Huenda mmoja wenu akauliza: nyimbo zina manufaa gani kwa chama kinachoshughulika na karo, wagonjwa na mazishi? Naomba mnivumilie, maana nataraji kuonyesha ya kuwa jambo hili nalo ni la ustawi.

Tuanze karibu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kambi kubwa ya askari kwa jirani zetu wa Gilgil, na makaburi ya vita yaliyoko huko yanashuhudia hata leo. Vijana wengi wa Afrika ya Mashariki walivuka bahari katika jeshi la King's African Rifles, na mwaka 1944 walipigana katika misitu ya Burma, katika mvua na matope. Wimbo wao wa mwendo, "Funga Safari", ulikuwa wa amri tu. Haukutaja mama wala shamba. Hata hivyo, wazee waliorudi waliupenda mpaka uzeeni. Basi tunajifunza ya kwamba kinachomrudisha mtu kwao si maneno ya wimbo peke yake, bali ni wale alioimba nao.

Jeshi lenyewe lilitambua nguvu hiyo, likaunda kikosi cha watumbuizaji. Miongoni mwao alikuwa Fundi Konde wa Pwani, ambaye baadaye gitaa lake lilijulikana nchini kote, naye akafariki mwaka 2000.

Tena yuko Miriam Makeba wa Afrika Kusini. Mwaka 1960 serikali ya ubaguzi ilimfutia pasi yake, asiweze kurudi kwao mpaka mwaka 1990. Katika miaka hiyo aliimba "Malaika", wimbo wa Kiswahili, mbele ya watu wa mataifa mengi. Mwana aliyefungiwa mlango wa kwao alijifariji kwa wimbo wa nyumba ya jirani, na jirani hakupungukiwa na kitu.

Mimi mwenyewe nilifanya kazi miaka sita mjini Muscat, Oman. Mchana kazi husahaulisha. Usiku ndio mrefu. Wimbo wa harusi ulinitia huzuni, kwa kuwa ulinikumbusha arusi nilizozikosa. Bali wimbo wa kubembelezea watoto, aliouimba mama yangu akikoroga uji, ulinipa usingizi. Siku moja niliuimba nikifua nguo, na mama mmoja mzee akaniitikia kutoka dirisha la jirani kwa Kiswahili safi, akisema, "Mwanangu, endelea." Alikuwa amezaliwa Unguja. Siku za Ijumaa tulikusanyika Wakenya: Mluo, Mkikuyu, Mkalenjin, Mgiriama na Mluhya. Kila mmoja aliimba wa kwao, na wengine waliitikia hata wasipoelewa maneno. Hapakuwa na aliyeulizwa kabila la wimbo wake.

Wazee wangu, hapo ndipo moyo wangu unapouma. Hapa Kikopey tunaishi watu wa makabila mengi kando ya barabara moja, tunanunua nyama kwa mchinjaji mmoja, na tunatazama Ziwa Elementaita lile lile. Lakini hatujasahau mwanzo wa mwaka 2008, jinsi Nakuru na Naivasha zilivyowaka, na jirani akamkimbia jirani. Yale tuliyoyaweza Muscat, kwa nini yatushinde nyumbani?

Kwa hiyo naomba chama kifikirie mambo matatu. Kwanza, nyimbo za wazee wetu, za kazi, za jando, za harusi na za kulea, zirekodiwe kwa simu zetu na kuandikwa daftarini, pamoja na jina la mwimbaji na la mtunzi akijulikana. "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William mapema katika miaka ya 1960, lakini wengine humtaja Adam Salim kuwa ndiye mtunzi, na ubishi haujaisha. Yasitupate hayo. Pili, kijana anayesafiri kwenda Ghuba, Ulaya au Marekani asiondoke na sanduku tupu la moyo. Tumkalishe jioni moja, tumwimbie. Tatu, katika kila mkutano wa mwaka, watu wa kabila moja wafundishe wimbo wao, nasi wengine tuitikie.

Mzee akifa na wimbo wake, hakuna harambee itakayoweza kuununua tena. Wakati wa kuuomba ni sasa, angali anaweza kuuimba.