Kitenzi-Jina: Nomino au Kitenzi?

Sarufi ya Kiingereza huwafundisha wanafunzi wetu maumbo matatu yatokanayo na kitenzi yasiyo na njeo: lile la "to sing", lile la "singing" litumikalo kama nomino, na lile lifanyalo kazi ya kivumishi. Wengi hurudi kwenye Kiswahili wakiyatafuta matatu hayo hayo. Hayapo. Mawili ya kwanza hubebwa na umbo moja la ku-. Kazi ya tatu hugawanywa baina ya -ki- na urejeshi. Ndiyo maana "nilimsikia akiimba" ni Kiswahili, ilhali "nilimsikia kuimba" ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Tazameni sentensi hii: Kutomlipa kwake fundi ujira kulituaibisha. Upatanisho ni wa ngeli ya KU, ambamo Ashton aliyaweka maumbo haya katika sarufi yake ya 1944. Basi ni nomino. Lakini ni nomino gani hukanushwa kwa -to-, ikapokea kiambishi cha yambwa, kisha ikafuatwa na yambwa mbili? "Malipo" haliwezi hayo. Hudai -a unganifu: malipo ya fundi.

Mtihani unaomtaka mwanafunzi achague aina moja tu hapo, na kumnyima alama achaguapo nyingine, hupima utiifu wake kwa jedwali, si ujuzi wake wa lugha. Mimi ningemtaka aonyeshe kila upande unategemea nini: "kwake" na kitenzi kikuu huliona nomino, -to-, -m-, "fundi" na "ujira" huliona kitenzi.