Kumbukumbu za Maisha katika Darasa la Watu Wazima: Mhadhara wa Umma

Kumbukumbu za maisha, yaani maandishi yanayosimulia sehemu fulani tu ya maisha ya mwandishi, hutofautiana na tawasifu, ambayo huyaeleza maisha yote tangu kuzaliwa. Na tofauti hiyo ndiyo inayomwokoa mtu mzima anayeketi darasani kwa mara ya kwanza akiwa na daftari jipya na mambo ya miaka sitini kichwani. Akiachwa peke yake, mwanafunzi huyo huanza na mwaka aliozaliwa, akaorodhesha shule, ndoa na watoto, kisha akaishiwa maneno kabla ukurasa wa pili haujajaa.

Mahali pamoja ambapo darasa la namna hiyo lingeweza kuanzishwa ni Shishiyu, wilayani Maswa, Tanzania, iliyo katika ukanda uliozoea madarasa ya watu wazima. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, yaani kujifunza kusoma na kuandika kupitia kazi anayoifanya mwanafunzi, ulianza Kanda ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO, na baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kampeni ilienea nchi nzima. Yalikuwa mafanikio makubwa, na wanaoyabeza hawawatendei haki walimu wa kujitolea waliofundisha chini ya miti. Hata hivyo, mkulima alipewa kalamu ili aelewe maelekezo ya bwana shamba na aikague stakabadhi yake ya pamba. Kuandika aliyoyaona mwenyewe hakukuwa lengo la somo, ingawa mwandishi Shaaban Robert alikwisha kuyaandika maisha yake kwa Kiswahili fasaha.

Darasa la wanaoanza kuandika kumbukumbu lingeweza kuanzia pale pale kisomo kilipoishia, kwenye siku moja ya kuuza pamba: robota lililofungwa alfajiri, foleni, mzani, macho ya karani, na hesabu ambayo muuzaji aliirudia kimoyomoyo njiani. Zoezi la pili lingekuwa zito zaidi, kwa kuwa linahusu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, wakati kaya za Wasukuma wa eneo hilo zilipohamishiwa katika vijiji vya pamoja na kuziacha ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yaliyofungwa yaote majani kwa ajili ya kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986 katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ulizifufua ngitili nyingi, na ripoti kuhusu kazi hiyo zipo. Lakini aliyefungua zizi siku ya kuhama, na ng'ombe aliyegoma kutoka, hawamo katika ripoti hizo.

Mwalimu wa darasa hilo atakutana na suala la lugha mapema, kwa sababu mzozo wa mzanini au kilio cha kuhama vilitokea kwa Kisukuma. Ni busara masimulizi yaandikwe kwa Kiswahili na maneno ya wahusika yabaki kama yalivyotamkwa, yakifuatwa na maelezo mafupi, na kila ukurasa usomwe na mwandishi kwa sauti mbele ya wenzake, ambao wengi wao walikuwapo na wana haki ya kusahihisha.