Kusoma na Kuunganisha: Hotuba ya Kamati ya Elimu Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Habari za karo mmekwisha kuzisikia kwa Mweka Hazina. Sisi twataka kusema juu ya darasa la Jumamosi tu, maana baadhi yenu mmetuuliza kwa nini vijana waliokwisha kujua kusoma wafundishwe kusoma tena.

Twaanza na aibu yetu wenyewe. Mtakumbuka barua tatu zilizotujia juu ya kiwanja cha jumba hili. Tulimwita kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, naye akazisoma vizuri na kutufasiria kila moja. Tukamshukuru, tukaenda zetu. Kumbe barua ya kwanza ilitupa siku 30 za kujibu. Ya pili ilitaja tarehe ya kuanza kuhesabu. Ya tatu ilitaja faini. Hakuna hata mmoja wetu aliyeziweka zote pamoja. Siku zikapita, na faini tukalipa. Kosa si la kijana yule. Hakufundishwa, wala sisi hatukumwuliza swali lililopasa.

Katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne mna ufahamu na ufupisho. Ni mazoezi mema, nasi hatuyadharau. Lakini ufupisho wahusu kifungu kimoja, kupunguzwa maneno na kubakizwa maana. Kuunganisha ni kazi nyingine: kusoma habari mbili au tatu, kuona zinapokubaliana na zinapopingana, kisha kutoa jambo ambalo hakuna hata moja iliyolisema peke yake. Mwaka 1956, Benjamin Bloom na wenzake huko Marekani walipozipanga ngazi sita za kujifunza, kazi hii waliiweka ya tano, juu ya kujua, kuelewa, kutumia na kuchambua.

Ninyi wazee mwaijua kuliko walimu wengi. Shauri la mpaka likiletwa barazani, hamwishii kurudia aliyosema shahidi wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mwayapima yote, ndipo mnapotoa neno lenu. Vijana wetu huishia kurudia mashahidi.

Basi tuliwapa vifungu vitatu juu ya Ngome ya Mombasa, yaani Fort Jesus. Cha kwanza kilieleza kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakazingirwa na watu wa Omani tangu Machi 1696, maradhi yakawaua wengi ndani, na ngome ikatwaliwa Desemba 1698. Cha pili kilisema Wareno walifukuzwa ngomeni mwaka 1729. Cha tatu kilihusu merikebu yao, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, na ambayo wapiga mbizi waliichunguza chini ya maji kati ya 1977 na 1980.

Pakawa na ugomvi. Wengi walisema kitabu kimoja ni cha uongo, wakataka tuwaambie ni kipi. Tulinyamaza, na kunyamaza huko kulitugharimu, maana mwalimu hupenda kujibu. Mwishowe binti mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: "Je, haiwezekani walirudi?" Naam, walirudi mwaka 1728, wakatolewa mwaka uliofuata. Vitabu vyote viwili vilisema kweli.

Kisha tukauliza: kwa nini ngome yenye kuta nene vile ilishindwa? Tulichora jedwali ubaoni, vifungu upande mmoja na maswali juu, na kila mwanafunzi akajaza kwa maneno yake, kitabu kimefungwa. Sharti hili la kufunga kitabu walilichukia mno. Pasipo hilo hunakili tu.

Insha za kwanza zilikuwa mbaya: "Kifungu cha kwanza chasema hivi, cha pili chasema vile." Tukazirudisha. Tuliagiza kila aya ianze na jibu la swali, na vifungu vifuate kama ushahidi. Juma la tatu mmoja aliandika kwamba kuta hazikuwaangusha Wareno. Kilichowaangusha ni kwamba watu na chakula vilitegemea bahari, na bahari haikuwa na hakika. Jambo hilo halikuandikwa katika kifungu chochote kati ya vitatu. Tulimsomesha mbele ya wenzake mara mbili.

Hatusemi wote wamefika. Wengine bado hunakili, na wawili wameacha kuja.

Sasa twaomba. Mwenye magazeti ya zamani, barua za serikali au karatasi za ushirika asizozihitaji tena, atuletee, akiisha kufuta majina ya watu. Twapenda hasa karatasi mbili zinazosema jambo moja kwa namna mbalimbali. Tena twaomba wazee wawili kila Jumamosi, saa nane mchana, waketi na vijana na kuwauliza maswali. Katibu anayo daftari ya majina pale mlangoni.