Nguo Inayopima Mgongo: Nafasi ya Fundi Cherehani wa Mbagala



Naanzia barazani kwa fundi mmoja wa Mbagala Rangi Tatu, nilikoshinda siku nzima. Futi shingoni, kidevu karibu na sindano, mgongo umejikunja, miguu inakanyaga cherehani. Kila akimaliza suruali anainuka, anashika kiuno kwa mikono miwili, anajinyoosha. Jioni nikamuuliza ameinama kwa saa ngapi. Hakujua. Nami niliyekuwa nikimtazama sikujua. Nguo yenye vihisi ingetujibu.

Kihisi cha mwendo kilichotulia husoma mvuto wa dunia, kwa hiyo hujua kimelala kwa pembe gani. Kimoja hukaa usawa wa pingili inayochomoza chini ya shingo, kingine kiunoni. Fundi akiinama kuanzia nyonga, mgongo umenyooka, vyote hulala sawasawa. Akiukunja mgongo, pembe zinaachana. Kuachana huko ndiko tunakopima.

Faida ya kuhesabu saa ilishaonekana kwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika Marekani na Kanada, uliweka vihisi vya joto ndani ya mikanda migumu ya vijana ambao uti wao wa mgongo umepinda upande, ili kuhesabu saa walizoivaa. Waliovaa kwa wastani wa saa 12.9 kwa siku au zaidi, matibabu yalifaulu kwa asilimia 90 hadi 93.

Ugumu mkubwa uko kwenye kitambaa. Fulana ikipwaya, kihisi kinasogea, na tunabaki kupima makunyanzi ya nguo. Ikibana sana, kwa joto la Februari na jasho la Dar es Salaam, itavuliwa kabla ya saa nne. Wapi paachiwe nafasi, wapi pawekwe lastiki, shati hupanda kiasi gani mtu akiinama: hayo fundi wa Tandika anayajua kwa vidole. Wahandisi huanza na umeme, nguo wakaitafuta mwishoni. Naona tumegeuza kazi. Fundi awepo tangu siku ya kwanza, na betri ikae kwenye mfuko unaobanduka, maana nguo zetu hufuliwa kwa mkono na kukamuliwa.

Sikubali nguo imwonye mtu kwa kutetemeka kila anapoinama. Kushona ni kuinama, wala hakuna mkao mmoja unaofaa kutwa nzima. Itetemeke pale anapokaa muda mrefu bila kubadili mkao. Vipimo vikionyesha kosa ni la kigoda kifupi, kibadilishwe kigoda.

Taarifa ziwe mali ya mvaaji, si ya mwenye karakana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Naomba fulana za kwanza zishonwe Mbagala na Tandika, zivaliwe na washonaji wenyewe kutwa nzima, msimu wa joto. Jioni tuwaulize kwanza kama kuna saa walisahau kuwa wamezivaa, ndipo tufungue kompyuta.