Ng'ombe Akienda Chopi, Nani Alipe?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wakamaji, Mji wa Kale, Mombasa)



Wengi wetu tulioketi hapa leo tumevuka daraja la Nyali au feri ya Likoni, maana ng'ombe tunaowakama hawakai kisiwani. Wako ng'ambo, na maziwa yao ndiyo yavukayo kila alfajiri kuja kutiwa chai katika nyumba za mtaa huu. Mwenye kunywa chai hana habari ya kwato. Sisi tunayo. Mwenzetu mmoja alikatwa mshahara kwa ajili yake: ng'ombe alianza kwenda chopi, maziwa yakapungua, tajiri akasema mkamaji ni mzembe. Ndipo tukaonelea tulizungumze jambo hili wazi.

Kwato za ng'ombe hukua kiasi cha nusu sentimita kwa mwezi. Ng'ombe wa malishoni huzisaga kwa kutembea. Wetu wa bandani hatembei, basi zarefuka mbele kama kiatu cha ncha, uzito warudi kisigino, na nyama ya ndani yapondeka. Tazameni hasa miguu ya nyuma, kidole cha nje, ndipo kidonda kianzapo mara nyingi.

Na sakafu je? Ng'ombe wa maziwa ataka kulala saa 12 kwa siku, hata zaidi. Juu ya saruji tupu yenye mkojo na mavi halali, asimama. Hapa pwani joto lazidisha, kwani mnyama aliyeshikwa na joto husimama ili upepo umpate. Kwato zimekwisha lainika kwa majimaji, na juu yake mzigo mchana kutwa! Atakaye kwato nzima na aweke kwanza kivuli, mahali pakavu pa kulala, na mchanga au majani makavu ya kutandika. Makuti yana baridi kuliko mabati, lakini matajiri wengine huona makuti ni alama ya umaskini. Ng'ombe hajali heshima hiyo.

Chakula nacho chaponza. Pumba nyingi za ghafula pasipo majani ya kutosha huleta uchachu tumboni, na uchachu huo hudhoofisha kwato. Madhara huonekana baada ya majuma mengi, wakati kila mtu amekwisha sahau kilicholiwa. Basi likija gunia la maganda kutoka Marikiti lisimwagwe lote siku moja.

Sasa kuchonga. Kwato zichongwe mara 2 kwa mwaka, asingojewe mpaka achechemee. Mnyama afungwe vema na mguu uinuliwe kwa kamba. Asiyefundishwa asijaribu peke yake, teke la ng'ombe lavunja mfupa. Pima mbele, tangu nywele zinapokoma hata ncha: kwa ng'ombe mkubwa ibaki kama sentimita 7 na nusu, upana wa vidole vinne. Kisha sawazisha vidole viwili vya mguu vichukue uzito sawasawa. Bonyeza unyayo kwa kidole gumba. Ukibonyea, acha kisu hapo hapo, umekwisha kata mno. Damu ikitoka si ufundi. Penye kidonda, fundi hugandisha kipande cha ubao chini ya kidole kizima, ili kile kibovu kipumzike.

Mrututu wafaa pia: kilo 5 katika lita 100 za maji, ng'ombe wapitishwe humo baada ya kuoshwa miguu, kwa sababu mavi huua nguvu ya dawa. Maji yaliyotumika yasimwagwe majanini wala katika hori ya Tudor. Mrututu hudhuru samaki, na kondoo humuua. Nasi wenyewe tuvae glavu na miwani, hauna urafiki na macho.

Pakivimba na kunuka katikati ya vidole, aitwe daktari wa mifugo. Akipiga sindano, maziwa yasiuzwe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa, hata tajiri akikunja uso. Hao wa Mji wa Kale wananunua kwa imani. Na wakichechemea wengi pamoja huku wakitokwa na mate, huenda ni ugonjwa wa midomo na kwato: ripoti kwa serikali siku hiyo hiyo.

Turudi kwa mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ya mali yake iliyoletwa na mfanya kazi kwa makusudi. Sakafu ya maji si makusudi yetu. Kisu kisichonunuliwa si makusudi yetu. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri atoe viatu, glavu na nguo za kukinga kwa afanyaye kazi penye majimaji au dawa za kudhuru. Wangapi hapa wamepewa? Twaona mikono michache.

Basi kila mmoja awe na daftari. Ukiona mgongo umebinuka wakati wa kutembea, au hatua zimekuwa fupi, andika tarehe na ng'ombe gani, umwambie msimamizi mbele ya shahidi. Mwenzetu yule aliona mapema, akasema, lakini hakuandika.

Jumapili ijayo, saa 3 asubuhi, fundi ataonyesha kuchonga huko ng'ambo ya Nyali. Mwenye kisu na tupa aje navyo.