Swichi ya Gari la Shule
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wanafunzi siku ya mkutano wa mwaka, kabla ya kikao cha fedha)



Kamati imeniomba nieleze habari za gari la shule, kwa kuwa mchango wa kulitengeneza umo katika ajenda ya mchana huu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyetumwa kwenda kulitazama. Nasema kama mtumishi wa serikali aliyezoea kusoma makadirio ya matengenezo. Fundi mimi si fundi, lakini Fizikia niliyofundishwa katika chumba kile cha pembeni ilinifaa.

Gari lenyewe mnalijua. Ni lile shangingi tulilolinunua likiwa limekwisha kutumika, ili mwanafunzi akiugua usiku asibebwe kwa pikipiki. Limekaa chini ya mwembe karibu muhula mzima, limeinama kama kuku anayeatamia. Tumbo lake lilikuwa likikwaruza mawe ya barabara yetu, dereva akakataa kulitoa, na alikuwa na haki. Gereji moja ya mjini ikaandika makadirio: kompresa mpya na mifuko minne mipya ya hewa. Wako wanachama waliosema mifuko ing'olewe, zitiwe springi za chuma. Wengine walisema liuzwe.

Tuufahamu kwanza mfumo wenyewe. Gari la namna hii limekalia mifuko ya mpira iliyojazwa hewa mahali pa springi za chuma. Jambo hili si geni: mabasi ya Scenicruiser ya kampuni ya Greyhound huko Marekani yalikuwa na springi za hewa mwaka 1954, na Range Rover ilipata zile zinazoongozwa kwa umeme mwaka 1992. Kompresa inasukuma hewa, vali zinaigawa, vipimio vya kimo vinatoa taarifa, na kompyuta ndogo inaamua. Swichi iliyo karibu na mkono wa dereva haipitishi hewa hata kidogo. Inapeleka ombi tu: nyanyua, au teremsha. Wenzangu wa maofisini wataelewa upesi. Faili lisipofika mezani kwa mkubwa hakuna linalotendeka, hata kama mkubwa yupo na kasma ina fedha.

Basi niliwachukua vijana sita wa Kidato cha Tatu, tukaanza na rula. Jioni tulipima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, tukaandika kwa chaki. Asubuhi tukapima tena. Namba zilikuwa zile zile, magurudumu yote manne. Mfuko unaovuja kwa kawaida haushiki kimo usiku kucha. Gari lenye mifuko iliyochoka hulala upande mmoja au hushuka lote kabla ya kucha. Kwa hiyo mifuko ile ilikuwa mizima, na kipimo hicho hakikutugharimu hata senti moja. Tukawasha injini, tukatega sikio. Kompresa ikanguruma kwa muda, kisha ikanyamaza yenyewe. Kompresa iliyokufa haingurumi, na ile inayohangaika na uvujaji kwa kawaida hukawia kunyamaza.

Hapo kijana mmoja akauliza kama milango yote imefungwa. Swali zuri sana. Magari mengi ya aina hii hukataa kubadili kimo mlango ukiwa wazi au injini ikiwa imezimwa, na mtu anaweza kuilaumu swichi bure. Tukafunga milango, tukabonyeza tena. Kuteremsha, gari lilijibu kwa taa yake. Kunyanyua, kimya. Fyuzi tuliitoa tukaipima, ilikuwa nzima.

Ndipo tukaifuata swichi. Tulitoa waya hasi wa betri na kungoja dakika kadhaa kama kitabu cha gari kinavyoagiza, maana mahali pale hapako mbali na nyaya za mifuko ya usalama inayofumuka wakati wa ajali. Kifuniko tulikibandua kwa kipande cha plastiki, kwa sababu bisibisi hukwaruza na kuvunja vishikizo. Soketi haivutwi kwa nyaya zake. Hubonyezwa ulimi wake, ikaachia. Tukaweka mita ya umeme kwenye ncha za swichi kwa kufuata mchoro: upande wa kuteremsha ulipitisha umeme, upande wa kunyanyua haukupitisha. Tulipoifungua tulikuta soda iliyokauka, imeshikamana na vumbi letu jekundu. (Katika magari mengine swichi hupeleka volti za viwango mbalimbali, na huko kupima kwa njia hii hakutoshi. Asomaye mchoro kwanza hatapotea.)

Swichi nyingine, yenye namba ile ile ya spea, ilipatikana kwa fedha ambayo watu wanne wa meza hii ya mbele wangeichanga bila kuombwa mara mbili. Tuliipachika, tukarudisha betri, tukawasha injini. Gari likainuka nyuma kwanza, kisha mbele, na vijana wakapiga kelele mpaka Mwalimu wa Zamu akatoka ofisini.

Siwadharau waliotaka springi za chuma. Kwa gari ambalo mifuko yake imepasuka, na spea ziko mbali, huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili. Ila hili halikuwa na ugonjwa huo, na karatasi ya makadirio haikuonyesha kipimo hata kimoja.

Vijana, jambo moja nalisema kwa ukali. Msiingie chini ya gari la springi za hewa kwa kutegemea jeki, au kwa kuwa limenyanyuka lenyewe. Kompyuta ikiamua kutoa hewa, au bomba likichomoka, tani mbili zinashuka bila kuaga. Wekeni stendi imara chini ya chasisi, na kama gari lina swichi ya kuzima mfumo wote, izimwe kabla ya kuinua. Kazi yetu hatukuifanyia chini ya gari, na hata hivyo stendi zilikuwapo.

Ndugu Mwenyekiti, swichi mbovu nimeikabidhi maabara ya Fizikia, imefunguliwa, anayetaka aitazame. Gari liko nje, na jana usiku lilimpeleka mtoto wa Kidato cha Kwanza hospitali. Kuhusu fedha zilizochangwa, naomba kikao cha mchana kizitazame tairi mbili za nyuma. Nimezipapasa leo asubuhi, na kashata zake zimekwisha.